Mlalahoi wa Jukwaani

Vitabu vya fasihi simulizi tulivyokaririshwa sekondari vina orodha ndefu ya tanzu: ngano, vitendawili, majigambo, maghani, nyimbo za jando, hata misimu. Hotuba ya kampeni haimo. Ajabu kweli, maana kila baada ya miaka mitano utanzu huu unakusanya hadhira ambayo hakuna mtunzi wa riwaya nchini amewahi kuiota. Una fanani, una jukwaa, una kibwagizo na waitikiaji, una vazi lake na ngoma yake. Na una kanuni zake, ambazo mama aliyekaa chini ya mwembe na mtoto mgongoni anazijua vizuri kuliko fanani mwenyewe anavyodhani.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki utanzu huo kwa jicho lile lile tunalohakikia tamthiliya. Uwanja wangu ni Ngara na Biharamulo, kule kona ya mkoa wa Kagera ambako basi la Dar linafika abiria wamevimba miguu. Huko utabaka hauna mapazia. Bukoba watu wana kahawa, wana maaskofu na maprofesa, wana shule za tangu Mjerumani. Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi zimehesabiwa kama ndugu maskini wa mkoa. Vijana wa Kihangaza walitembea kwenda Buganda kulima mashamba ya wengine, au wakaishia Bukoba kwenye kahawa ya Wahaya. Sasa mtu anapopanda jukwaani mbele ya watoto na wajukuu wa vibarua hao akasema “sisi maskini”, mhakiki lazima atege sikio. Nani huyo “sisi”?

Tuanze na historia ya maneno, maana jukwaani neno ndilo mtaji.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja. Jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwenzake nyumba. Wagombea walisimama kwenye mkutano mmoja ulioandaliwa na chama, wakapokezana kusema. Kujinadi kwa kabila, dini au rangi kulikatazwa, na lugha ya kampeni ikawa Kiswahili. Sasa mwambie mtu asijisifu ukoo wala msikiti wala kanisa. Atabaki na nini? Atabaki na alama yake. Wa jembe akadai kwamba kila kinachoingia kinywani kimetoka kwenye jembe. Wa nyumba akajibu kwamba mkulima naye akishachoka hurudi nyumbani, na jembe lenyewe hulala ndani ya nyumba. Wengi waliamini jembe lina bahati zaidi. Unaweza kucheka, lakini tazama kilichokuwa kinatokea: mwanasheria, mwalimu au karani wa serikali analazimika kutafuta kura kwa kutumia kifaa cha mkulima. Tamathali ya kwanza ya uchaguzi wetu ilikuwa chombo cha kazi.

Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na maneno yakapata makali. Wakulima na wafanyakazi. Bepari, kabaila, mnyonyaji. Waliosoma enzi hizo wanakumbuka kupe na mirija kwenye vibonzo vya magazeti: mtu mnene amekaa, mrija mdomoni, mwisho wa pili wa mrija umezama kwenye mgongo wa mwenzake aliyekonda. Ni taswira isiyo na ustaarabu mwingi, nakubali. Ila inasema jambo ambalo hotuba za siku hizi hazisemi, kwamba unene wa huyu na wembamba wa yule ni habari moja. Ukimtaja mnyonyaji umemtaja mnyonywaji hapo hapo, hawatenganishiki. Na Azimio lilikuja na miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwamba wapo walioandikisha nyumba kwa majina ya wake na shemeji, hiyo nayo ni fasihi, tena ya kuchekesha. Walau mtu alilazimika kuficha.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza miiko ile. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na mali. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi kisheria. Mambo haya mawili huwa yanasimuliwa mbalimbali, mimi nayaona kama kurasa mbili za sura moja. Kuanzia hapo fanani wa jukwaani anaweza kuwa tajiri waziwazi, lakini hadhira yake bado ni ya jembe. Lazima aongee kama wao huku akiishi kama yeye. Utanzu wetu wa leo umezaliwa kwenye ufa huo.

1995 neno likawa mlalahoi. Augustine Mrema, waziri wa zamani aliyehamia NCCR-Mageuzi, alikuwa sauti ya walalahoi, na vijana walisukuma gari lake barabarani kana kwamba petroli ni dhambi. Alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais; Benjamin Mkapa wa CCM akapata karibu 62. John Cheyo wa UDP, Bwana Mapesa, yeye aliahidi kujaza mifuko ya watu, akawa mkweli kuliko wote kuhusu wanachokitaka wasikilizaji. Mlalahoi ni neno zuri, na nadhani halijachakazwa vya kutosha na watunzi wetu. Analala hoi. Ndani yake bado kuna kazi, maana huwezi kulala hoi kama hukushinda ukihangaika. Lakini angalia: wakulima na wafanyakazi tuliwaona mchana, jua la utosi, jembe mkononi. Mlalahoi tunamkuta usiku, kalala. Kazi imeshaisha, imebaki maumivu ya mgongo. Na aliyefaidi ile kazi hayumo kwenye neno.

2005 hata mlalahoi akafutwa. Kaulimbiu ya CCM ikawa maisha bora kwa kila Mtanzania. Kila Mtanzania, bwana! Mwenye meli na mwenye mtumbwi kwenye kapu moja. Ni sentensi isiyo na adui, na sentensi isiyo na adui haina mgogoro, na mwalimu yeyote wa tamthiliya atakwambia kwamba pasipo mgogoro hakuna mchezo. Kwa hiyo mchezo ulitafutwa pengine: fulana, kofia, khanga za kijani na njano, chumvi, sukari, pilau. Sheria ya uchaguzi ilikuwa imerekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu ukarimu huo kwa jina la takrima. Neno hilo nalo lina haki ya kuhakikiwa. Takrima ni heshima kwa mgeni. Ila kwenye kampeni mgeni ni mgombea, na wenyeji ndio wanaokirimiwa kwenye uwanja wao wenyewe. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, na hoja mojawapo ilikuwa ya kitabaka kabisa: sheria inayoruhusu mgombea kukirimu inampendelea mwenye uwezo wa kukirimu. Kwa kweli hukumu hiyo ni tahakiki bora ya neno moja kuliko nyingi tulizosoma darasani.

Hapo ndipo Biharamulo inapoingia, na mimi naipenda sana sura hii. Katika uchaguzi huo huo wa 2005, CCM ilipovuna majimbo 206, chama cha Mrema wakati huo, TLP, kilipata jimbo moja tu Tanzania nzima. Jimbo lenyewe ni Biharamulo Magharibi, na mbunge wake Phares Kabuye. Fikiria: yale mawimbi ya walalahoi ya 1995, yaliyosukuma magari Dar es Salaam na Moshi, yamekauka kote, yamebaki kidimbwi kimoja kwenye nyika ya Biharamulo. Na chama chenyewe jina lake ni chama cha kazi. Alama yake jogoo. Sijui kama kuna mtunzi angethubutu kubuni kitu kama hicho. Mhariri angemwambia kapiga chumvi.

Kabuye alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2009, na Julai mwaka huo ukafanyika uchaguzi mdogo. Wakati huo msamiati ulikuwa umebadilika tena. Septemba 2007 pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alikuwa amesoma orodha ya watuhumiwa wa ufisadi, na neno fisadi likapaa. Kwa Waswahili wa zamani fisadi alikuwa mpotovu wa tabia, hasa anayeharibu wake za watu. Siasa zikalichukua likawa jina la mla fedha za umma. Biharamulo ilisikia hotuba za aina hiyo: upande mmoja Chadema na ufisadi, upande wa pili CCM na maendeleo. CCM ikashinda kupitia Oscar Mukasa. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu, jimbo likaenda kwa Dk. Antony Mbassa wa Chadema, mtu yule yule aliyeshindwa mwaka jana yake, na 2015 Mukasa akalirudisha. Wanaosema wapiga kura wa porini hupelekwapelekwa kama ng'ombe waiangalie Biharamulo: TLP, CCM, Chadema, CCM, ndani ya miaka kumi. Hadhira hii inajua kumshusha fanani.

Lakini turudi kwenye neno. Mnyonyaji alikuwa tabaka. Fisadi ni mtu. Ana jina, yumo kwenye orodha, namba fulani. Ukimwondoa, mambo yatanyooka. Hotuba ya ufisadi ilikuwa na ujasiri mkubwa, na watu waliisema wakiwa hatarini. Ila kifani ilikuwa hadithi ya upelelezi: nani kala? Akishapatikana mla, ukurasa umefungwa. Kwa nini mkulima wa Nyakahura anauza mahindi kwa bei ya kutupa, hilo si la upelelezi. Hakuna wa kumfunga pingu.

Na 2015 mtoto wa eneo hili akapanda jukwaa kubwa kuliko yote. John Pombe Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, Chato ikiwa ndani ya Biharamulo. Aliingia bungeni 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. (Tangu 2012 Chato imo mkoa wa Geita, lakini nyasi hazijui mipaka.) Alisimulia jukwaani jinsi alivyokulia nyumba ya nyasi, akachunga, akauza maziwa na samaki. Ilikuwa kweli, na ukweli una mlio wake, huwezi kuuigiza. Katika kampeni hizo, Karagwe, mkoa huu huu wa Kagera, alipiga pushapu jukwaani. Ilieleweka kote kama kijembe kwa mpinzani wake Edward Lowassa, ambaye afya yake ilikuwa gumzo. Lowassa naye alikuwa amepanda daladala Dar es Salaam, akashuka masokoni. Ukiitazama kama maigizo ni pambano la kusisimua: waziri mkuu wa zamani anashuka kwenye gari aonekane abiria, waziri wa ujenzi anashuka kwenye maneno aonekane mwili. Kura zilisema pushapu 58, daladala 40, kwa asilimia.

Hebu tuisome ile pushapu kama tunavyosoma ishara yoyote. Ni mwili wa mfanyakazi: mikono, mgongo, jasho. Kaulimbiu yenyewe ilikuwa hapa kazi tu. Lakini pushapu ni kazi ya namna gani? Hainyanyui tofali, haipandishi mgomba. Mtu ananyanyua uzito wake mwenyewe na kuurudisha ulipokuwa. Jembe la 1965 lilikuwa nje ya mgombea, lilikuwa la hadhira, yeye aliliazima tu. Pushapu ni ya mgombea peke yake. Hadhira ina kazi moja: kuhesabu na kushangilia.

Halafu likaja neno mnyonge. Rais wa wanyonge. Hapa ndipo ninapotaka kubishana na wenzangu wengi, hasa wale wanaolipenda neno hili kwa kuwa lilimpendeza mama yao kijijini. Azimio la Arusha lilikuwa limeutaja unyonge, na lililaumu unyonge huo huo kuwa ndio chanzo cha kuonewa. Ilikuwa hali ya kutoka, tena haraka. Kufikia 2015 unyonge umekuwa cheo. Mnyonge anatetewa, anaonewa huruma, anaitwa jukwaani asimulie kero yake, na hapo hapo ofisa fulani anatumbuliwa mbele ya kamera. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo, wale wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Wengi walishukuru, maana mgambo aliacha kuwafukuza, na hilo si dogo kwa mtu anayeuza ndizi Lusahunga kwenye dirisha la basi. Hata hivyo, mhakiki hawezi kupita bila kuona: tabaka sasa lina kadi, lina bei, na linatolewa na juu.

Panga maneno hayo kwa mfuatano uone yanakokwenda. Mkulima na mfanyakazi wanafanya. Mlalahoi amechoka kwa kufanya. Mnyonge hafanyi, anafanyiwa. Miaka hamsini ya hotuba imemtoa maskini wa Kiswahili kwenye kitenzi ikampeleka kwenye hali. Sisemi kwamba kuna mtu alikaa ofisini akapanga. Lugha haipangwi hivyo. Inajipanga kufuatana na nani ana haja na nani, na mgombea mwenye mali ana haja na maskini anayesubiri kuliko maskini anayedai.

Sasa tushuke kutoka kwenye nomino tuingie kwenye kiwakilishi, maana uchawi wote wa jukwaa uko kwenye “sisi”.

Mkutano wa kampeni Ngara au Biharamulo unafahamika ulivyo. Tangazo la gari linasema saa nane. Msafara unaingia saa kumi na robo, mashangingi matano na vumbi lake. Kwanza ngoma, kisha msanii wa mjini aliyekodiwa, kisha watangulizi wanaomsafishia njia mkubwa. Mgombea anapanda. Shikamooni wazee. Salamu ya Kihangaza au Kisubi au Kisukuma, kutegemea aliyekaa mbele. Kicheko. Halafu: sisi wakulima tumeteseka vya kutosha.

Kagera kuna mchezo unaitwa butura. Mkulima mwenye shida ya ada, ya msiba au ya mgonjwa anauza kahawa yake ikingali maua juu ya mti, kwa bei ya huruma, kwa mwenye fedha taslimu. Kahawa ikiiva, mnunuzi anakuja kuchuma. Serikali ilipiga vita butura, na 2018 ikaelekeza kahawa ya mkoa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, lakini shida ya ada haisikilizi maelekezo. Mnunuzi wa butura ni nani? Mara nyingi si bepari wa Ulaya. Ni jirani. Mwenye duka, mwenye Fuso, mwalimu aliyepata mkopo, mtumishi mstaafu, pengine mjumbe wa kamati ya siasa ya kata. Naye ana shamba, naye anaitwa mkulima. Kwenye mkutano wamekaa benchi moja na aliyemuuzia maua. Fanani anaposema “sisi wakulima”, wote wawili wanapiga makofi. Na aliyelipia benchi huenda ni huyo mnunuzi.

Hiyo ndiyo kazi ya “sisi” jukwaani. Inamficha jirani. Utabaka unapelekwa mbali, kwa vigogo wa Dar, kwa mabeberu, kwa mafisadi, kwa kampuni za madini. Sikatai kwamba hao wapo. Mgodi wa Tulawaka ulifunguliwa Biharamulo na Barrick mwaka 2005, ukachimba dhahabu, ukahamia STAMICO mwaka 2013. Nikeli ya Kabanga, Ngara, imeahidiwa tangu babu zetu wana meno. Ni haki kuuliza nani amefaidi. Lakini hotuba inapomtaja wa mbali kwa jina na wa karibu ikamfunika blanketi la “sisi”, msikilizaji anarudi nyumbani na hasira isiyo na anwani ya kufikika kwa miguu.

Ngara ina sura nyingine ya jambo hili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda usiozidi siku moja hivi. Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa, na baada ya muda mfupi wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Misitu ikakatwa kuni. Na tabaka jipya likazaliwa. Waliojua Kiingereza kidogo walipata kazi za mashirika: madereva, wakalimani, watunza ghala, walinzi. Mishahara ya mashirika ilimwacha mwalimu mkuu wa shule ya msingi akiwa kichekesho. Vyumba vya kupanga vikapanda bei mara dufu na zaidi. Mwenye shamba karibu na kambi alipata vibarua kwa debe la mahindi. Aliye mbali alipata wezi wa mihogo. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulifanyika katikati ya hali hiyo. Wanyarwanda wengi walirudishwa Desemba 1996, Warundi wakabaki Lukole kwa miaka mingine zaidi ya kumi. Nyumba za bati zilizoezekwa miaka ile bado ziko, na wenye nyumba hizo ndio leo mnaowaona wakikaa meza kuu. Sijaona hotuba hata moja inayosimulia chanzo hicho cha mali kama kilivyo. Inasimuliwa ama kama juhudi binafsi ama haisimuliwi.

Kinachosimuliwa badala yake ni uraia. Mpakani, ukitaka kummaliza mpinzani huna haja ya kubishana naye juu ya bei ya kahawa. Sema tu si mwenzetu. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri si raia, mmoja wao Jenerali Ulimwengu, mwanahabari kutoka Kagera na mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Rai, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge wa nchi hii hii. Kama kalamu iliyokuwa inasomwa nchi nzima iliweza kuambiwa hivyo, fikiria mgombea udiwani wa Rulenge au Kabanga. Neno “mhamiaji” linafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na neno “kupe”: linampa msikilizaji mtu wa kumlaumu. Tofauti ni kwamba kupe alikuwa juu yako, na mhamiaji mara nyingi yuko chini yako.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu mnaoandika hadithi mkae kidogo. Nimesoma miswada mingi ya vijana inayopita kwenye vikundi vyetu. Tajiri ana kitambi, Benzi na nyumba ndogo. Maskini ana busara, kikohozi na binti mzuri. Mwishoni kuna mkutano wa hadhara ambapo kijana msomi anasimama na kuhutubia, aya mbili nzima, kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu amewahi kukiongea akiwa na njaa. Jamani, hiyo ni hotuba ya kampeni iliyovaa jalada. Tunamtukana mwanasiasa na tunamuibia fani yake. “Sisi” yetu ni ile ile. Katika miswada hiyo sijakutana na mnunuzi wa butura anayempenda mkewe na kulipa sadaka. Sijakutana na mwalimu anayekopesha kwa riba kwa sababu naye anadaiwa. Mwandishi anayeogopa kumkosea heshima maskini humfanya malaika, na malaika hana haja ya bei nzuri ya mahindi.

Wapo watakaosema kwamba utanzu wenyewe unakufa, tuuache. Uchaguzi wa Oktoba 2025 Chadema haikuwamo kwenye karatasi za kura, na fanani mkuu alihutubia bila mtu wa uzito wake wa kumjibu. Mwaka 1965, ndani ya chama kimoja, walau jembe lilikuwa na nyumba ya kubishana nayo kwenye jukwaa moja. Mimi nadhani ndiyo sababu zaidi ya kuusoma utanzu huu sasa, wakati hadhira imeachwa na upande mmoja wa mazungumzo na lazima ijaze upande wa pili kimoyomoyo. Pale chini ya mwembe majibu yanatolewa, kwa Kihangaza, kwa kicheko cha puani, kwa kuondoka kabla ya mgombea kumaliza. Hakuna anayeyaandika.

Na kuna mmoja ambaye hata chini ya mwembe hayupo. Mashamba ya migomba ya Ngara na makundi ya ng'ombe ya Biharamulo kwa miaka mingi yametegemea vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, wengi wao Warundi. Analima kwa siku, analala kwenye kibanda cha mwajiri, analipwa msimu ukiisha, kama atalipwa. Mwaka 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Maelfu waliondolewa, wakiwamo waliozaliwa upande huu na waliooa upande huu. Baadhi ya vibarua walikuwa hawajalipwa msimu. Operesheni zikapita, na mashamba yakahitaji palizi kama kawaida, na mpaka ni mto na vilima tu.

Kwa hiyo mkulima anayeitwa mnyonge jukwaani ana mnyonge wake nyumbani. Siku ya mkutano anafunga mlango, anavaa fulana ya kijani au shati jeupe la Jumapili, anamwambia kibarua amalizie mstari ule wa migomba kabla ya jua kuzama. Anakwenda kusikiliza habari za unyonge wake. Kibarua anabaki. Kipaza sauti kikiwa kizuri na upepo ukivuma upande wake, anasikia kila neno, na Kiswahili anakifahamu vizuri. “Sisi” inapita juu ya migomba, haitui kwake. Hana kura, kwa hiyo hana neno lake kwenye hotuba. Hata tusi la uchaguzi hatukanwi yeye, anatukanwa mgombea kwa kufananishwa naye. Jembe analo mkononi, lile lile lililochapwa kwenye karatasi za 1965 na ambalo leo liko kwenye bendera, kwenye kofia na kwenye khanga ya mke wa mwajiri wake.

Bado mistari miwili, na mkutano haujafika katikati.